Mke wa kigeni ana haki, mume wa kigeni anasubiri huruma

Mtanzania wa kiume akioa Mzambia, na Mtanzania wa kike akaolewa na Mzambia, mambo yao yanafanana hadi siku ya harusi. Notisi ya ndoa itakaa siku 21 kama Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inavyotaka, posa na mahari vitazungumzwa, na cheti kitatoka na mhuri ule ule. Tofauti inaanzia Uhamiaji. Mke wa kigeni ana haki ya kuomba uraia kwa sababu ameolewa na raia. Mume wa kigeni hana haki hiyo. Mbele ya sheria ya uraia yeye hana tofauti na mtaalamu aliyekuja kwa mkataba wa kazi, na ndoa yake haimpunguzii hata mwezi mmoja wa kusubiri.

Msingi wa jambo hili ni Sheria ya Uraia wa Tanzania ya mwaka 1995. Kifungu cha 11 kinampa mwanamke aliyeolewa na raia haki ya kupata uraia wa tajnisi, yaani uraia anaopewa mgeni, kwa kuomba, wakati wowote mumewe akiwa hai. Mwanamume aliyeoa raia hatajwi. Yeye anabaki kwenye njia ya watu wote: awe amekaa nchini miezi 12 mfululizo kabla ya kuomba, na katika miaka kumi iliyotangulia miezi hiyo awe amekaa jumla ya miaka isiyopungua saba. Awe na mwenendo mzuri, ajue Kiswahili au Kiingereza, aonyeshe mchango wake kwa nchi. Hata akitimiza yote hayo, uamuzi unabaki kwa waziri. Anaomba, hadai. Na kwa kuwa Tanzania haina uraia pacha kwa mtu mzima, mwishoni atatakiwa kuukana uraia wa kwao, kama atakavyotakiwa mke.

Tumezoea kulizungumza suala hili kama jambo la wageni: tuwape nini, tuwabane wapi, nani anatudanganya. Nadhani hapo ndipo tunapopotea. Anayebaguliwa na kifungu cha 11 ni Mtanzania. Ni raia wa kike ambaye nchi yake imemwambia kwamba ndoa yake ina uzito mdogo kuliko ya kaka yake. Mgeni hana haki ya kuishi popote apendapo duniani, hilo linaeleweka. Lakini raia ana haki ya kuishi kwao, na mtu aliye kwenye ndoa anaishi na mwenziwe. Ukimnyima mmoja nafasi ya kukaa, umemlazimisha mwingine achague kati ya nyumba yake na nchi yake.

Nina rafiki, mwalimu wa sekondari mkoani Mbeya, ambaye mumewe ni fundi umeme kutoka Lubumbashi. Mtu huyu anazungumza Kiswahili tangu utotoni, cha kwao Katanga, na baada ya muda mfupi Mbeya alikuwa akitania sokoni kama mwenyeji. Wana faili moja la plastiki la kijani linalokaa juu ya kabati, mbali na mikono ya watoto. Ndani yake kuna cheti cha ndoa na nakala zake, kitambulisho cha NIDA cha mke, cheti chake cha kuzaliwa, pasipoti ya mume, picha ndogo zilizobaki na barua za serikali ya mtaa za nyakati mbalimbali, kila moja na picha ya mume iliyobandikwa pembeni, mhuri umegongwa nusu juu ya uso wake na nusu juu ya karatasi. Hati ya mtegemezi, ile inayomruhusu mume kukaa nchini kwa jina la mkewe, ikikaribia kuisha, faili linashushwa na barua mpya inatafutwa. Mwenyekiti wa mtaa aliyekula pilau ya harusi yao anaandika tena kwamba anawafahamu.

Siku moja, katika ofisi ambayo sitaitaja, mwalimu huyu aliulizwa dirishani, kwa upole kabisa, kwa nini wasihamie kwa mumewe. Aliyeuliza hakuwa na nia mbaya. Aliuliza kitu ambacho sheria yenyewe inakidhania: kwamba kwao na mwanamke aliyeolewa ni kwa mumewe.

Kinachowaumiza zaidi, hata hivyo, ni kazi. Hati ya mtegemezi inamruhusu mtu kukaa, haimruhusu kuajiriwa. Kwa Sheria ya Kuratibu Ajira za Wageni ya mwaka 2015, asiye raia anahitaji kibali cha kazi, na mwajiri ndiye wa kukiomba, akieleza kwa nini nafasi hiyo isijazwe na Mtanzania. Sheria ile ilitungwa kwa ajili ya kampuni inayoleta meneja au mhandisi kutoka nje, na kwa hao ina mantiki. Lakini ipeleke kwa mkandarasi mdogo wa Mbeya mwenye vijana wanne na pikapu. Huyo hawezi kujaza makaratasi, kulipa ada na kusubiri miezi kwa ajili ya fundi mmoja, hata awe hodari namna gani. Basi fundi wetu anakaa nyumbani. Wenzake wanampigia simu wanapokwama, anawaelekeza, na hawezi kuwadai hata shilingi. Mshahara mmoja wa mwalimu unalisha watu watano.

Ni lazima niseme hapa kwamba mke wa kigeni naye anapita hatua hiyo hiyo. Naye anaanza na hati ya mtegemezi, naye haruhusiwi kuajiriwa bila kibali. Tofauti ni kwamba mbele yake kuna mlango wenye jina lake. Siku akiupata uraia, atafanya kazi bila kumwomba mtu, atapiga kura, na atamiliki ardhi, kitu ambacho Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inamzuia asiye raia isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji. Mume wa kigeni anaweza kuchangia kila tofali la nyumba na bado kiwanja kikawa jambo lisilomhusu kisheria.

Wazo hili lilitoka wapi? Wengi watajibu haraka: ni mila zetu, mwanamke humfuata mume. Ningependa tuliangalie jibu hilo vizuri, kwa sababu limetumika kufunga mjadala mara nyingi. Wamakonde, Wamwera na Wayao wa kusini walihesabu ukoo upande wa mama, na kwao ilikuwa kawaida mwanamume kuhamia kwa mkewe, akalima shamba la wakwe. Waluguru wa Morogoro nao ukoo na ardhi vilipita kwa mama. Lamu, katika familia za majumba ya mawe, binti aliandaliwa nyumba yake, na mume ndiye aliyehamia. Mwanamume kumfuata mke si jambo geni katika nchi hizi. Mila zetu ni nyingi na hazikubaliani, kwa hiyo hatuwezi kuchukua moja, tukaiita ya Kitanzania, tukaitungia kifungu cha sheria.

Ukifuatilia maandishi yenyewe unafika kwingine. Sheria ya Uraia ya Uingereza ya mwaka 1948 ilimpa mwanamke aliyeolewa na raia haki ya kuandikishwa kuwa raia, na haikumpa mwanamume haki kama hiyo. Nchi nyingi zilizotawaliwa na Uingereza ziliingia kwenye uhuru zikiwa na vifungu vya mtindo huo. Tanganyika ilikuwa mojawapo, Kenya vilevile. Tulipoandika upya sheria yetu mwaka 1995 tulilibeba wazo hilo na kuliingiza ndani, wakati Waingereza wenyewe walikuwa wameshaliondoa kwenye sheria yao iliyoanza kutumika mwaka 1983.

Namna Waingereza walivyoendelea baada ya hapo ina somo kubwa kwa yeyote anayedai usawa. Mwaka 1985 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu iliamua kesi ya wanawake watatu waliokuwa wakaazi halali wa Uingereza na waliokuwa wakizuiwa kuishi na waume zao. Kanuni za uhamiaji za wakati huo zilimrahisishia mwanamume kumleta mke na kumbana mwanamke anayetaka kumleta mume, kwa hoja kwamba wanaume wangekuja kuchukua kazi za watu. Mahakama ilisema huo ni ubaguzi wa kijinsia. Serikali ikatii, lakini kwa kuwabana wake pia, wakawa sawa na waume. Usawa ulipatikana kwa kumpunguzia aliyekuwa nacho. Tangu mwaka 2012 raia wa Uingereza anayetaka kumleta mwenzi kutoka nje anapimwa kwa kipato: kwanza pauni 18,600 kwa mwaka, na tangu Aprili 2024 pauni 29,000. Watanzania na Wakenya wengi waishio huko wanakijua kipimo hicho vizuri, maana wapo kati yao wenye ndoa halali na watoto ambao wanaishi nchi mbili kwa sababu mmoja ni mhudumu wa wazee na mshahara wake haufiki.

Natoa mfano huu kwa sababu hatari hiyo ipo kwetu pia. Siku Bunge litakapokigusa kifungu cha 11, njia rahisi ya kuondoa ubaguzi itakuwa kukifuta chote, wote wakaangukia kwenye miaka saba na hiari ya waziri. Hapo hakutakuwa na ubaguzi, na hakutakuwa na haki pia.

Kenya ilipita katikati. Kabla ya mwaka 2010 katiba yao ilikuwa na upendeleo ule ule kwa mke wa kigeni. Katiba mpya iliyotangazwa Agosti 27, 2010 ikaandika, katika ibara ya 15, kwamba mtu aliyekuwa kwenye ndoa na raia kwa miaka isiyopungua saba ana haki ya kuandikishwa kuwa raia akiomba. Mtu, mke au mume. Ibara ya 13 ikaongeza kwamba uraia haupotei kwa kufunga ndoa wala kwa ndoa kuvunjika. Sheria iliyofuata mwaka 2011 ikampa mwenzi wa raia nafasi ya kuomba ukaazi wa kudumu baada ya miaka mitatu ya ndoa. Sidai kwamba Nairobi ni peponi. Huko nako mwenzi aliye kwenye pasi ya mtegemezi haruhusiwi kuajiriwa bila kibali, na foleni ni foleni. Lakini mwanamke wa Kisumu aliyeolewa na Mtanzania anajua hesabu yake ni miaka mingapi. Mwanamke wa Musoma aliyeolewa na Mkenya hana hesabu ya kufanya.

Huku kwetu, ajabu ni kwamba sheria hiyo hiyo ya 1995 ilimwona mama ilipofika kwa mtoto. Mtoto aliyezaliwa nje ya nchi anapata uraia kwa kurithi kama baba au mama yake ni raia wa kuzaliwa. Mwanamke wa Kitanzania anaweza kumpa mwanawe uraia akiwa Lusaka, lakini baba wa mtoto huyo akija Dar es Salaam ni mtegemezi. Botswana ilikuwa na sheria mbaya zaidi, iliyomnyima mama hata uwezo wa kumpa mtoto uraia kama baba ni mgeni, hadi mwanasheria Unity Dow, aliyekuwa ameolewa na Mmarekani, alipoishtaki serikali na kushinda hadi Mahakama ya Rufaa mwaka 1992. Katiba yetu, ibara ya 13, inakataza ubaguzi na inataja jinsia. Tuliridhia mkataba wa kimataifa wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake mwaka 1985, miaka kumi kabla ya kuandika kifungu kile.

Kuna upande mwingine wa jambo hili ambao wanaharakati hawaugusi vya kutosha, na kwangu ni mzito kuliko wote. Hata mke wa kigeni, huyu anayependelewa, haki yake ni ya karatasi hadi aombe. Ndoa peke yake haimfanyi kuwa raia. Sasa nenda mipakani. Wakurya wa Sirari wanaoana na Wakurya wa Isebania tangu kabla ya mpaka kuwapo. Wadigo wa Horohoro wana shangazi Lunga Lunga. Wamasai wa Longido wana wakwe ng'ambo ya Namanga. Kagera na Kigoma kuna wanawake waliotoka Rwanda na Burundi wakaolewa na Watanzania kwa ng'ombe na pombe ya ndizi, wakazaa, wakazika wakwe zao, na hawajawahi kuingia ofisi ya Uhamiaji kwa sababu hakuna aliyewaambia kwamba wanatakiwa.

Mwaka 2013 tuliona gharama ya kutojua huko. Operesheni Kimbunga, ya kuwaondoa wahamiaji haramu, ilipoanza Septemba mwaka ule katika mikoa ya Kagera, Kigoma na Geita, miongoni mwa waliovushwa mpaka walikuwamo wake wa Watanzania. Walikuwa na haki ya uraia chini ya kifungu cha 11 kwa miaka mingi, ila hakuna fomu iliyojazwa. Waume walibaki na watoto wadogo upande huu, mama upande ule. Usalama wa mikoa ile ulikuwa na matatizo ya kweli, ujambazi wa silaha ulikuwapo na wananchi walikuwa wamechoka. Lakini mama mwenye wajukuu Karagwe hakuwa jambazi, na sheria tayari ilikuwa imemwandalia nafasi. Serikali ile ile iliyompa haki haikumfuata kijijini kumwambia ajiandikishe, ila ilimfuata kumwondoa.

Na ipo ile kauli ya "mume akiwa hai". Mjane wa kigeni ambaye hakuomba mapema anaipoteza haki yake siku ya msiba. Hati yake ya ukaazi ilitegemea mtu ambaye sasa yuko kaburini. Fikiria hali yake kwenye kikao cha familia baada ya arobaini, ndugu wa marehemu wakijua kwamba anayedai nyumba hana hata uhakika wa kubaki nchini. Sheria ya Kenya ya mwaka 2011 ililiona hili, ikamlinda mjane au mgane ambaye angestahili kuandikishwa kama si kifo cha mwenziwe.

Wanaopinga mabadiliko wana hoja moja ambayo naiheshimu: ndoa za karatasi. Zipo. Kuna watu wanaooana kwa ajili ya kibali, wakalipana, wakaachana kibali kikitoka. Kuna mabinti wa Kitanzania walioachwa na madeni na watoto. Lakini udanganyifu hauna jinsia. Kama tunaogopa mwanamume wa kigeni atamtumia dada yetu, kwa nini hatuogopi mwanamke wa kigeni atamtumia kaka yetu? Kifungu cha sasa hakipimi ukweli wa ndoa hata kidogo. Hakitaji muda wa kuishi pamoja, na kinampa mke wa jana haki ile ile ya mke wa miaka ishirini. Kenya wanataka ndoa iwe inatambulika kisheria, isiwe imefungwa kwa nia ya kupata uraia, na wawili hao wawe wanaishi pamoja siku ya kuomba. Hicho ndicho kipimo kinachoshika wadanganyifu. Wenyeviti wetu wa mitaa na masheha wanajua nani anaishi na nani, na barua zao tayari zinadaiwa. Zitumike kwa kazi yenye maana.

Nchi nyingine za jirani zetu wa zamani zinalegeza kamba. Oman, ambako familia nyingi za Unguja, Pemba na Mombasa zina damu na wakwe, kwa miaka mingi raia alihitaji idhini ya Wizara ya Mambo ya Ndani kabla ya kuoa au kuolewa na mgeni. Amri ya Sultani ya mwaka 2023 iliondoa sharti hilo. Watu waliokuwa wamefunga ndoa kimya kimya huku pwani wakapumua.

Kwetu ningependa kuona mwenzi wa raia, wa jinsia yoyote, akipewa ukaazi unaotokana na ndoa yenyewe, usio na jina la mtegemezi, na unaomruhusu kufanya kazi tangu siku ya kwanza. Kibali tofauti cha kazi kiondolewe kabisa kwa kundi hili. Fundi umeme aliye ndani ya ndoa ya Mbeya hachukui kazi ya Mtanzania, analisha Watanzania. Uraia usiwe wa haraka. Miaka mitano au saba ya ndoa na kuishi pamoja hapa nchini inatosha kwa mke na kwa mume, kisha iwe haki, isibaki hisani. Najua hiyo ina maana wake wa kigeni watakaokuja baadaye watasubiri kuliko sasa. Nakubali gharama hiyo kwa sababu watasubiri wakiwa na kazi na ukaazi wa uhakika, na wale waliokwisha kuolewa walindwe kwa kifungu cha mpito. Mjane na mgane wahesabiwe miaka waliyoishi na marehemu. Na mikoa ya mipakani ipate zoezi la kuwaandikisha wenzi wa raia kijiji kwa kijiji, kwa ada ambayo mkulima wa ndizi anaweza kuilipa, kabla ya operesheni nyingine yoyote.

Ndoa si jambo la Muungano; Zanzibar ina utaratibu wake na Bara ina wake. Uraia na uhamiaji ni mambo ya Muungano, kwa hiyo kazi hii ni ya Bunge lililoko Dodoma. Waziri wa Mambo ya Ndani asipoleta muswada, mbunge yeyote anaweza kuuleta kama muswada binafsi.